Wanyama wa Mwituni Huhesabiwa Vipi?

Mama mwenye kufuga kuku huwahesabu jioni wanapoingia bandani, akajua papo hapo kama yuko aliyepotea. Je, mnyama asiye na banda huhesabiwa vipi? Vijana wetu wametuuliza swali hili, nasi tumeona vyema kulijibu hapa.

Penye mbuga wazi, wataalamu hurusha ndege ndogo kwa mistari iliyopangwa, wakawahesabu wanaoonekana, kisha wakalikadiria eneo zima. Wanyama wanaojificha hukamatwa kadhaa, wakatiwa alama na kuachiliwa. Baadaye hukamatwa wengine. Msomaji aweza kuijaribu njia hii kwa bakuli la maharagwe. Toa punje 40, zitie wino, zirudishe na uchanganye vizuri. Kisha toa 40 bila kuchagua. Zikiwamo 8 zenye wino, yaani moja katika kila tano, basi zile 40 za mwanzo nazo ni fungu moja katika matano ya zote: bakuli lina punje kama 200. Punda milia hahitaji wino. Milia yake haifanani na ya mwenzake, hivyo picha yatosha.

Lakini idadi pekee haitoshi. Nyumba mbili zaweza kuwa na watu kumi kumi; moja ina wazee watupu, nyingine ina watoto na mama zao. Mustakabali wao si mmoja. Ndiyo maana wataalamu huuliza pia: majike ni wangapi, ndama ni wangapi, na wangapi kati yao hufikia utu uzima?

Maswali haya yanatugusa sisi wa pwani. Swara aitwaye hirola, ambaye makao yake ni pande za Garissa na Tana hadi mpakani mwa Somalia, alihesabiwa kwa maelfu katika miaka ya 1970. Sensa ya taifa ya mwaka 2021 iliwapata 497 tu. Hata hivyo, mwaka 2012 wenyeji wa Ishaqbini, huko Ijara, wakishirikiana na wahifadhi, waliwatia hirola 48 ndani ya ua wa kuwazuia simba na wawindaji wengine. Wakazaana hata wakapita mia. Ikabainika kwamba uwezo wa kuzaa haukuwapotea. Miongoni mwa walivyovikosa ni usalama wa kuwalea ndama.

Kuhesabu peke yake hakumwokoi mnyama, lakini asiyehesabiwa hutoweka kimya kimya. Basi tuwaketishe wana wetu mbele ya bakuli hilo; huenda miongoni mwao akatoka atakayewahesabu hirola wa kesho.