SOKO LA ZIWA: 'Net' ya kuvulia na 'net' ya kuhesabia

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Ukishuka mwaloni Kirumba asubuhi, wakati magunia ya dagaa wa visiwani yanapandishwa kwenye magari ya kwenda mikoani, utalisikia neno moja la Kiingereza likitamkwa kwa namna nyingi. Mvuvi ana nyavu, ambazo Mwingereza anaziita 'net'. Mama muuza chai anasema usiku amelala bila neti, maana yake chandarua. Kijana wa miamala ya simu anatangaza kuwa netiweki imekata. Kando ya mzani lipo katoni limeandikwa 'net weight'. Na karani wa kampuni, akiulizwa biashara imekwendaje, anajibu kwamba mauzo ni mazuri ila 'net' ni ndogo.

Ukurasa huu umeamua kulichambua neno hilo kwa sababu moja tu: mojawapo ya maana zake inawafilisi wafanyabiashara wetu wadogo, na wengi hawajui kuwa ndiyo inayowafilisi.

MANENO MAWILI YENYE SURA MOJA

Kwa kweli hapa kuna maneno mawili. 'Net' ya wavu ni neno la kale la Waingereza, ndugu wa 'Netz' ya Wajerumani. Maana yake ni uzi uliosukwa ukaacha macho. Kutoka hapo ikaja chandarua, ikaja nyavu ya goli inayotikiswa pale CCM Kirumba, na mwisho ikaja netiweki, yaani nyaya na minara iliyounganishwa kama macho ya wavu. Hata Kiswahili kilipita njia hiyo hiyo kiliposema mtandao, kitu kilichotandwa.

'Net' ya hesabu ni mgeni mwingine kabisa. Asili yake ni Kilatini, kwenye neno la kitu kinachong'aa. Wafanyabiashara wa Italia wakaliita 'netto', yaani safi: kilichobaki baada ya kuondoa kisichohusika. Ndugu yake wa mizani ni 'tare', uzito wa gunia au katoni tupu unaotolewa ili kupata uzito wa mali. Hilo Wazungu walilipata kwa Waarabu, kwenye neno lao la kutupa na kutoa.

Kwa hiyo ya kwanza inakamata, na ya pili inaonyesha kilichobaki. Mfanyabiashara anayechanganya hizo mbili hufurahia alichokamata akidhani ndicho kilichobaki.

MZANI ULIVYOZAA USHIRIKA

Watu wa Kanda ya Ziwa si wageni wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Mkulima alifika na mzigo aliohangaika nao msimu mzima, akaondoka na uzito wa karani. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Kutoka kwenye juhudi hizo, Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, VFCU, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Kwa maneno mengine, ushirika mkubwa wa kanda hii ulianza na ubishi juu ya uzito halisi. Hadi leo ubishi huo haujaisha. Lumbesa, lile gunia lililofungwa likaongezwa kilemba juu, ni njia ya mnunuzi kulipia gunia moja na kuondoka na zaidi ya moja. Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, imekuwa ikipambana nayo kwa miaka mingi.

HESABU YA MAMA WA DAGAA

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia, si bei za wiki hii. Mama mchuuzi ana mtaji wa sh. 1,000,000. Ananunua kilo 200 za dagaa wakavu kwa sh. 5,000 kila kilo. Dar es Salaam bei ni sh. 7,000. Kichwani anapiga: kilo 200 kwa 7,000 ni sh. 1,400,000, faida ni sh. 400,000. Akiwa bado mwaloni ameshaipangia ada ya shule.

Sasa tuingize 'net' ya mzani. Katika zile kilo 200, kilo 2 ni uzito wa magunia. Dagaa hawakukauka sawasawa, na njiani wanapungua kilo 8. Anafika na kilo 190, anauza sh. 1,330,000. Shilingi 70,000 zimepotea kabla hajalipa mtu yeyote.

Tuingize na 'net' ya daftari. Usafiri sh. 120,000. Ushuru na vibali sh. 30,000. Kupakia na kupakua sh. 20,000. Magunia sh. 8,000. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu sh. 12,000. Nauli, chakula na malazi yake sh. 90,000. Jumla sh. 280,000.

Toa mtaji, toa gharama: kinabaki sh. 50,000. Kama mtaji aliukopa kwa riba ya asilimia 4 kwa mwezi, na safari ikachukua mwezi mpaka fedha zirudi, toa sh. 40,000 nyingine. Zile sh. 400,000 za mwaloni zimekuwa sh. 10,000, na mama hajajilipa hata siku moja ya kazi yake. Akilipa ada kwa hesabu ya kwanza, hakulipa kwa faida. Amekula mtaji, na safari ijayo atanunua dagaa pungufu bila kuelewa kwa nini.

WAVU NAO NI GHARAMA

Mvuvi naye ana mtego wake. Akiuza sangara, anatoa mafuta, chakula na posho ya vibarua, kinachobaki anakiita faida. Wavu wenyewe hauhesabu. Lakini wavu unachakaa na unaibwa, mtumbwi unavuja, na mashine inakufa. Asiyetenga sehemu ya kila mauzo kwa ajili ya wavu mpya, siku unapochanika anarudi kwa tajiri kukopa, na tajiri ndiye atakayempangia bei ya samaki.

Hapo ndipo tamaa ya macho madogo inapoingia. Makokoro yalipigwa marufuku nchini mwaka 1994, na sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, ili mdogo akue. Mwaka 2018 Serikali iliendesha Operesheni Sangara, nyavu haramu zikateketezwa kwa moto. Aliyekuwa amenunua nyavu hizo kwa mkopo alibaki na deni bila wavu. Hata chandarua kimeingizwa kazini. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 katika vijiji vya wavuvi upande wa Kenya uliwakuta watu wakikitumia kuanikia dagaa na kuvulia. Macho ya chandarua hayaachi hata kifaranga. Kinachoonekana leo kama nyongeza ya kipato ni mtaji wa mwakani, na familia iliyolala bila neti inaongeza gharama ya dawa ya malaria juu yake.

Kiwandani nako hesabu ni hiyo hiyo. Sangara akishachunwa na kukatwa, minofu ya kusafirisha haifiki nusu ya uzito wake. Yanayobaki ni mapanki, na mabondo yanayotafutwa sana na wanunuzi wa China na Hong Kong. Asiyejua thamani ya bondo anauza samaki mzima kwa bei ya mnofu.

KWA WENYE HISA NA VIPANDE

Wawekezaji wadogo wasidhani haya ni ya mwaloni tu. Kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ikitangaza gawio la sh. 100 kwa hisa, mwenye hisa 1,000 hapati sh. 100,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa, anapokea sh. 95,000. Kwa kampuni isiyoorodheshwa kodi hiyo ni asilimia 10. Kwenye vipande vya UTT, ile 'net asset value' ni thamani ya mali zote za mfuko baada ya kutoa madeni, ikagawanywa kwa idadi ya vipande. Na riba yoyote ipimwe na mfumuko wa bei: ukipata asilimia 6 wakati bei zimepanda asilimia 4, umebaki na takriban asilimia 2.

TUNAYAJUA TAYARI

Jambo la kushangaza ni kwamba kila mtu mwaloni anaijua 'net' pale anapodai fedha yake. Mtumie mchuuzi malipo kwa simu, atakwambia mara moja: "Weka na ya kutolea." Anajua kwamba kinachotumwa si kinachoshikwa mkononi, na hakubali kupunjwa hata shilingi mia tano.

Basi bei ya dagaa nayo iulizwe swali hilo hilo. Kabla ya kufunga gunia, chukua daftari, andika bei ya kuuzia, kisha toa uzito wa gunia, upungufu wa njiani, gari, ushuru, riba, na ujira wako mwenyewe. Kama kilichobaki hakikuridhishi, mzigo huo usiununue hata kama wenzako wote wananunua.

Kiswahili kinaiita faida halisi. Wengine husema faida safi, na hiyo ndiyo 'netto' ya Waitaliano, neno kwa neno. Tukutane wiki ijayo, mizani ikiwa sawa.