Kijitabu cha Posta cha Babu

Babu mzaa mama alirudi Kinole kutoka Burma mwaka 1946 akiwa na koti la jeshi la Keya na kijitabu cha akiba cha posta. Alipokuwa vitani, sehemu ya mshahara wake ilipelekwa bomani Morogoro, na bibi alishuka mlima kwa miguu kwenda kuichukua. Nyingine ililala posta mpaka aliporudi, ndipo akanunua mabati. Mimi nilipopanda ndege kwenda kulinda amani Darfur mwaka 2013, nikiwa na kidato cha nne na simu mbili mfukoni, sikufikiria hata nusu ya alivyofikiria mzee yule.

Nilikuwa na akaunti moja tu, ya mshahara. Kadi nilimwachia mke wangu. Posho nilizopata kule nilikuwa natuma kwa mjomba, anipandie pilipili manga na anitafutie kiwanja Kihonda. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Sikuona ajabu kumkabidhi pesa. Niliporudi, kiwanja hakikuwepo. Mipilipili ilikuwepo, inapanda vizuri, ila iko kwenye ardhi ya ukoo na yeye ndiye anayevuna. Sikugombana naye, maana pesa zangu zilimkuta na misiba miwili na ada za watoto wa dada zake. Kilichoniuma ni kwamba mke wangu alijua yote na akanyamaza, asije akanitia mawazo nikiwa na bunduki mkononi.

Ndugu wengi hudhani askari wa kulinda amani anarudi na gunia la dola. Umoja wa Mataifa humpa askari wa kikosi dola 1 na senti 28 kwa siku, pamoja na dola 10 na nusu kwa kila siku ya mapumziko, zisizozidi siku 15 katika miezi sita. Kwa mwaka inakuja kama dola 782. Fedha kubwa inayohesabiwa kwa kila kichwa hurudishwa serikalini, na serikali yako ndiyo inayopanga ikulipe nini. Ni pesa nzuri, lakini ni za kuhesabika, na ukizituma kidogo kidogo zinayeyuka njiani.

Tarehe 13 Julai mwaka ule, wenzetu 7 waliuawa kwa kuvamiwa njiani karibu na Manawashi. Usiku ule nililala na viatu. Nilimwona mke wangu amesimama kwenye dirisha la benki na kadi ambayo haina tena mwenyewe. Akaunti ikiwa na jina lako peke yako, ukifa benki humsubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hapo mjane huanza safari za mahakamani, na watoto wanataka kula.

Kwa hiyo nilipopangwa kwenda Kongo mwaka 2016, mwezi mzima kabla ya safari nilishuka mjini na mama watoto. Tulifungua akaunti ya pamoja, ya kuweka tu, isiyo na kadi, na pesa hazitoki bila saini zote mbili. Nikaiagiza benki ikate shilingi 200,000 kwenye mshahara kila mwezi iziweke huko, mimi nikiwa porini Beni au nikiwa nyumbani. Laini ya simu iliyoandikishwa benki nilimwachia yeye. Miezi 14 baadaye tulikuta milioni 2 na laki 8, bila posho. Kiwanja cha Kihonda tulinunua wenyewe, majina mawili kwenye hati ya mauziano.

Siku hizi nauza mdalasini na pilipili manga katika Soko la Chifu Kingalu, na vijana wa kambini huja kuniuliza. Huwaambia kwamba Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye akiba hadi shilingi 7,500,000 benki ikifilisika, na kwamba riba ya akaunti ya muda maalumu hukatwa kodi ya asilimia 10, wasije wakadhani wameibiwa.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayekwenda Bangui alikuja na mkewe, ana mimba kubwa. Nikawaeleza habari ya saini mbili. Kijana akaitikia, “Sawa, afande.” Mkewe hakuitikia.

“Shikamoo tena, babu,” akasema. “Mtoto akiugua usiku, na saini ya pili iko Bangui?”

Mimi na mke wangu hatukuwahi kulifikiria hilo. Mungu alitusitiri tu. Nikavuta karatasi ya kufungia mdalasini, tukaanza kuandika upya: akaunti ya pili, ndogo, ya dharura, ambayo saini yake yeye peke yake inatosha.