Je, Wajua? Si Kila Kutetemeka ni Parkinson

Je, wajua ya kuwa mzee akaaye barazani Pangani, mkono ukimtetemeka na hatua zikimwia nzito, huenda asiwe na maradhi aliyoyaeleza tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817, bali amepungukiwa na kalsiamu damuni? Parkinson yenyewe ipo kwetu: uchunguzi wa wilaya ya Hai, Tanzania, uliotangazwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33, wengi wao wasiopata kutambuliwa na tabibu yeyote. Lakini nyuma ya tezi ya shingo mna vijitezi vinne, vidogo mithili ya punje za mchele, visimamiavyo kalsiamu, navyo vikidhurika, labda kwa operesheni ya rovu, kwanza huja ganzi ya midomo na vidole na kukakamaa kwa misuli, kisha, baada ya miaka mingi, chokaa huweza kujikusanya ubongoni (ajabu kweli, upungufu wa damuni kuzaa mrundiko kichwani!), viungo vikawa vizito. Kipimo cha damu hufichua siri hiyo, na kalsiamu pamoja na vitamini D huweza kuleta nafuu ambayo dawa za Parkinson aghalabu haziileti. Dagaa waliwao na miiba yao wana kalsiamu tele, ila kwa vijitezi vilivyokwisha kuharibika hawatoshi.