Kufunga maji ili samaki warudi: somo la matumbawe kwa sisi wa Tanganyika



Kuna neno moja la Kiswahili ambalo wengi wetu tuliokulia Uvira, Bukavu, Kalemie ao Lubumbashi hatukulisikia nyumbani: matumbawe. Si ajabu. Kiswahili chetu kilifika huku kwa miguu, katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Misafara ile ilitoka pwani, ikapita Ujiji, ikavuka Tanganyika mpaka Nyangwe na Kasongo. Maneno ya biashara na ya nyumbani yalivuka ziwa. Maneno mengi ya bahari yalibaki kule kule, juu huku hayakuwa na kazi.

Leo nataka tuvushe machache, na sababu yangu si ya kamusi. Miaka hii ya karibuni nchi zinazozunguka Tanganyika zimeanza kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Mimi ni mtoto wa Uvira. Kila mara ziwa linapofungwa nasikia swali lile lile kwa wavuvi na kwa mama wanaouza ndagala: "Banatufungia ziwa, batoto bakule nini?" Na sisi wenye diplome tunajibu haraka haraka kwamba ni kwa ajili ya mazingira, kisha tunaendelea na safari yetu. Tuseme kweli, hilo si jibu.

Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wameishi na swali hilo miaka mingi kuliko sisi. Wamefunga sehemu za maji yao, wamegombana, wamejaribu tena. Tukiangalia walichofanya tunaweza kujua ni lini kufunga maji kunaleta chakula na ni lini kunaleta njaa tu. Lakini kwanza tuelewe ni nini wanalinda.

1. Matumbawe ni nini?

Ukiokota kipande cha tumbawe kwenye mchanga wa Zanzibar, utasema ni jiwe. Ukweli ni kwamba ni nyumba, na mwenye nyumba ni mnyama. Anaitwa polipu. Wengi wao ni wadogo kuliko kucha ya kidole. Umbo lake ni kama mfuko wenye mdomo mmoja, na mikono midogo midogo kuzunguka mdomo. Polipu anachukua madini kwenye maji ya bahari, anajitengenezea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Akifa, kikombe kinabaki, na wengine wanajenga juu yake. Baada ya maelfu ya miaka unapata mwamba mkubwa wa kuzuia mawimbi. Mawe ya miamba hiyo ndiyo yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Sasa polipu anakula nini? Usiku anakamata vidudu vidogo vinavyopita majini. Lakini chakula chake kingi kinatoka kwa mpangaji. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo sana, wasioonekana kwa macho. Mwani wanapata nyumba na ulinzi, na wao wanatumia mwanga wa jua kutengeneza sukari ambayo wanagawana na mwenye nyumba. Ni mwani hao pia wanaompa tumbawe sehemu kubwa ya rangi yake.

Kutokana na mapatano hayo, miamba ya matumbawe ya namna hii inataka maji ya chumvi, ya vuguvugu, yasiyo na kina kirefu na yaliyo safi ili jua lipenye. Njo maana kwetu Muanda, ambako Kongo inagusa Bahari ya Atlantiki, huwezi kukuta mwamba kama ule wa Zanzibar. Mto Kongo, wa pili duniani kwa wingi wa maji, unamwaga pale maji matamu yenye udongo, mchana na usiku. Pale Mungu alitupa mikoko, na tangu 1992 iko na hifadhi yake. Matumbawe alipewa jirani.

2. Mji ambao kila mtu iko na kazi

Miamba ya matumbawe inafunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote, lakini karibu robo ya aina za viumbe wa baharini wanaitegemea kwa namna fulani. Ni kama soko la Kadutu: nafasi ndogo, watu mingi, na kila mtu iko na kazi yake.

Chukua pono. Huyu ni samaki wa rangi nyingi, mwenye mdomo kama wa kasuku. Anakwangua mwani wanaoota juu ya mwamba, na katika kukwangua anameza chokaa pia, anaisaga, anaitoa nyuma ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya ule mchanga ambao watalii wanalalia imepita kwenye tumbo la pono. Bila pono na wenzake, mwani wangefunika mwamba wote kama majani kwenye shamba lisilolimwa, na polipu wachanga wangekosa mahali pa kushika.

Chukua kikande, samaki mwenye meno magumu. Chakula chake anachopenda ni yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu, anayechoma miguu ya watu kwenye maji ya chini. Wanyama hao wa miiba wanatafuna mwamba wenyewe. Wakiwa wachache si shida. Lakini wavuvi wakimaliza vikande, wenye miiba wanazaana bila adui, na mwamba unaliwa kwa kasi kuliko unavyojengwa. Watafiti wameliona hilo kwa miaka mingi kwenye pwani ya Kenya: ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, wanyama wa miiba ni wachache, kwenye maji yaliyovuliwa sana walijaa.

Ongeza pweza kwenye mashimo, kamba wakubwa chini ya mawe, kasa wanaopita, chewa anayevizia. Mvuvi akiondoa samaki wa aina moja, anaondoa pia kazi ambayo samaki yule alikuwa anaifanya.

3. Mwamba unakufa namna gani?

Njia ya haraka ni baruti. Kwa miaka mingi pwani ya Tanzania ilisumbuliwa na watu waliokuwa wanatupa milipuko majini. Samaki wanaelea, wanaokotwa kwa dakika chache, na mwamba unabaki kifusi. Matumbawe yenye matawi yanakua sentimita chache kwa mwaka, na yale ya mviringo karibu sentimita 1 tu. Kwa hiyo mlipuko mmoja unafuta kazi ya miaka makumi.

Kuna nyavu za kukokota, zinazobeba samaki wachanga na kuvunja matawi. Kuna nanga za mashua. Kuna udongo unaoshuka na mito baada ya miti kukatwa, na maji machafu ya miji.

Na kuna joto. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha wakati wa joto kwa digrii 1 tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, mapatano kati ya polipu na mwani yanavunjika. Polipu anawafukuza wapangaji wake. Tumbawe linabaki jeupe kama mfupa. Hiyo inaitwa kupauka. Joto likipungua mapema, mwani wanarudi. Likiendelea, polipu anakufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto kama hilo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, Shelisheli na Maldivi. Mwaka 2016 likarudi. Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba kupauka kumeenea dunia nzima, kwa mara ya nne.

4. Waliofunga maji, walifunga namna gani?

Mfano wa kwanza ni Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa upande wa magharibi wa kisiwa kuwa mahali pasipovuliwa, na kazi ya kulinda ikapewa kampuni binafsi. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, waliofundishwa kazi mpya. Hawabebi bunduki. Mtu akija kuvua, wanamwendea na kumweleza kwa nini hapa hapavuliwi, mvuvi kwa mvuvi. Pesa inatoka kwa watalii wachache wanaolala kisiwani, na watoto wa shule za Zanzibar wanaletwa kuogelea na kusoma juu ya mwamba wao. Leo pale wamehesabiwa samaki wa aina zaidi ya 400.

Mfano wa pili ni Kuruwitu, upande wa Kilifi, Kenya. Huko serikali haikuanza. Wavuvi wenyewe waliona nyavu zinarudi tupu, wakakaa pamoja, na mwaka 2005 wakatenga hekta kama 30 za maji yao. Watu wa pwani ya Kenya wanaita sehemu kama hiyo tengefu, yaani iliyotengwa. Wengine walipinga sana, na ninawaelewa: mtu mwenye njaa leo, umwambie angojee samaki wa miaka mitatu ijayo? Lakini samaki walirudi, na mwaka 2017 kikundi chao kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mfano wa tatu ni wa pweza. Tangu 2004, vijiji vya kusini-magharibi mwa Madagaska vimekuwa vinafunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache tu. Pweza anakua haraka ajabu, kwa hiyo siku ya kufungua watu wanakuta pweza wakubwa, wazito. Faida inaonekana kabla uvumilivu haujaisha. Vijiji vingine, mpaka Pemba, vimejaribu njia hiyo.

Kwa nini samaki wanaongezeka nje ya sehemu iliyofungwa pia? Hapa kuna hesabu ndogo. Samaki mwenye urefu mara mbili ya mwenzake iko na uzito kama mara nane, na jike mkubwa anataga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa wakijumlishwa. Mayai na vifaranga vinachukuliwa na mkondo mpaka mbali, na samaki wakubwa wanavuka mpaka kutafuta nafasi. Njo maana wavuvi wajanja wanapenda kutega karibu kabisa na mpaka wa hifadhi.

5. Tusidanganyane

Ulinzi huo hauzuii joto. Maji ya Chumbe yanapata moto sawa na maji ya jirani. Mwamba wenye pono wengi unaweza kupona vizuri zaidi baada ya kupauka, kwa sababu mwani hawapati nafasi ya kuuziba, lakini kupauka kukirudi kila miaka michache, hata mwamba uliolindwa vizuri unachoka. Moshi unaopasha bahari, sehemu kubwa yake inatoka nchi ambazo hazijui hata jina la Kuruwitu.

Pia pesa ya watalii si ukuta. Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, kila hifadhi inayoishi kwa wageni ilitetemeka. Kazi ya mlinzi haiwezi kusimama kwa mguu mmoja.

6. Sisi tuchukue nini?

Tusibebe mfano mzima mzima. Samaki wengi wa mwamba wanakaa mahali pamoja, kwa hiyo hata hekta 30 zinatosha kuleta tofauti. Ndagala na mikebuka wetu wanatembea katikati ya ziwa, hawajui mpaka wa Burundi wala wa Tanzania. Kwao kufunga kwa wakati, nchi zote pamoja, kunaeleweka. Lakini Tanganyika iko pia na samaki wa kwenye mawe ya ufukweni, aina nyingi ambazo haziko popote pengine duniani, na hao wanafanana zaidi na samaki wa matumbawe. Upande wa Tanzania, hifadhi ya Mahale inaingia ndani ya ziwa kilomita 1.6. Kwetu, vijiji vya ufukweni vingeweza kuchagua tengefu zao ndogo, wenyewe.

Ninaona masharti matatu ambayo pwani imetufundisha. Moja, anayevua awe kwenye meza kabla ya uamuzi, si kuusikia kwa redio. Mbili, kuwe na chakula ao kazi kwa siku za kufungwa. Miezi mitatu bila kipato si nadharia kwa mama anayelipa karo. Tatu, faida ionekane kwa macho: mtu apime samaki kabla ya kufunga na baada ya kufungua, kisha arudishe hesabu kwa wavuvi, kwa lugha yao.

Na hapo kwenye sharti la tatu ndipo kazi yetu ilipo. Kila mwaka wanafunzi wa biolojia, wa uchumi na wa maendeleo wanatafuta kichwa cha memwari. Chukua ubao wa kupimia, mizani na daftari, nenda pale mitumbwi inapofikia wiki moja kabla ya Mei na wiki moja baada ya Agosti. Pima urefu, andika bei, uliza familia zilikula nini katikati. Kisha rudi pale pale uwasomee ulichopata, hata kama hesabu inaonyesha kwamba mwaka huu kufunga hakukusaidia. Mama wa ndagala aliuliza swali la haki. Anastahili jibu lenye namba ndani yake.