Kuthibitisha Kipato cha Aliyejiajiri Anapoomba Viza ya Kazi



Mshiriki anafika ofisi ya usharika na ombi. Yeye ni fundi seremala, ana karakana yake, na anataka kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Anaomba barua yenye muhuri inayosema kwamba amejiajiri na kwamba kwa mwaka anapata kiasi fulani cha fedha, kiasi ambacho yeye mwenyewe amekitaja. Kamati inamfahamu na inampenda. Je, iandike?

Makala hii inaeleza jinsi kipato cha mtu aliyejiajiri kinavyothibitishwa katika maombi ya viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na nafasi ya usharika katika jambo hilo. Aliyeajiriwa ana mkataba, hati ya mshahara na barua ya mwajiri. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumsemea, hivyo hukusanya ushahidi mwenyewe, kidogo kidogo, na ushahidi huo lazima ukubaliane.

Nchi hazifanani

Jambo la kwanza ni kujua nchi husika inauliza nini. Uingereza ilianzisha viza yake ya sasa ya mfanyakazi mwenye ujuzi tarehe 1 Desemba 2020. Mwombaji ni lazima awe na mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, na mshahara unaohesabiwa ni ule utakaolipwa na mwajiri huyo. Mapato ya karakana ya huku nyumbani hayahesabiwi. Wakala anayemwambia fundi kwamba taarifa nzuri ya benki ya biashara yake itampatia viza hiyo anamdanganya.

Kanada ni tofauti. Katika mpango wa serikali kuu wa wafanyakazi wenye ujuzi, kazi ya kujiajiri iliyofanywa nje ya Kanada inaweza kukubaliwa kama uzoefu. Kiwango cha chini ni mwaka 1 mfululizo wa kazi ya malipo, sawa na saa 1,560, ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba. Yapo masharti mengine pia, kama mtihani wa lugha na tathmini ya elimu, na kuyatimiza siyo ahadi ya kuitwa.

Tuangalie kwa makini kipato kinatumika kwa kazi gani hapo. Mwombaji hapewi alama zaidi kwa sababu karakana yake ilipata fedha nyingi. Kipato kinaonyesha tu kwamba kazi ilifanyika kweli na ililipwa. Kwa hiyo anayeongeza tarakimu hapati faida yoyote, ila anajiingiza hatarini: atakayebainika kutoa taarifa za uongo Kanada anaweza kuzuiwa kuingia kwa miaka 5.

Kanada inataka mambo matatu kutoka kwa aliyejiajiri: uthibitisho kwamba biashara ni yake, uthibitisho wa mapato, na nyaraka kutoka kwa watu wengine zinazoonyesha huduma aliyowapa na malipo yaliyofanyika. Maelezo ya mwombaji mwenyewe kuhusu kazi zake hayatoshi, hata kama ameyaapia mbele ya wakili.

Funzo kutoka Uingereza

Zamani Uingereza nayo ilikuwa na viza iliyohesabu mapato ya aliyejiajiri. Ilianza mwaka 2002 kama mpango wa wahamiaji wenye ujuzi wa juu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika mfumo wa alama. Kadiri mapato yalivyokuwa makubwa ndivyo alama zilivyoongezeka. Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya kati ya mwaka 2010 na 2011, na waliokuwa ndani yake walipewa hadi Aprili 2018 kuomba ukaazi wa kudumu.

Walipoomba ukaazi huo, wizara ililinganisha mapato waliyotaja zamani kwenye viza na mapato waliyotangaza kwa mamlaka ya kodi kwa kipindi hicho hicho. Wengi walionekana na hesabu mbili: kubwa kwa uhamiaji, ndogo kwa kodi. Wakakataliwa chini ya kifungu cha 322(5) cha kanuni za uhamiaji, kinachohusu tabia na mwenendo. Walikuwamo watu waliokwisha kuishi huko miaka mingi na kulea watoto huko.

Aprili 2019 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba tofauti ya hesabu inaleta shaka, lakini peke yake haitoshi kumwita mtu mdanganyifu. Mwombaji apewe kwanza nafasi ya kujieleza. Ni kweli, wapo waliokosea bila nia mbaya au walioangushwa na mhasibu wao. Lakini kujieleza baada ya miaka saba au minane, bila kitabu wala stakabadhi, ni mzigo mzito.

Nyaraka za hapa kwetu

Fundi wa Tanzania anaweza kuandaa nyaraka hizi:

(a) Za biashara: namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara kutoka halmashauri, na cheti cha BRELA kama jina la biashara limesajiliwa.

(b) Za kodi: makadirio ya TRA na stakabadhi za malipo kwa kila mwaka.

(c) Za fedha: taarifa ya benki na ya miamala ya simu, kitabu cha mauzo na manunuzi, na nakala za risiti alizotoa.

(d) Za wateja: barua zinazotaja kazi, tarehe na kiasi kilicholipwa.

Nyaraka za Kiswahili zitahitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza au Kifaransa na mtafsiri anayekubalika.

Hapa wengi huchanganya mauzo na kipato. Chukua mfano wa seremala aliyeuza samani za shilingi 18,000,000 kwa mwaka. Mbao, vanishi, pango na posho ya msaidizi vilimgharimu 11,000,000. Mauzo yake ni 18,000,000. Kipato chake ni 7,000,000. Kwa kuwa kodi ya wafanyabiashara wadogo hukadiriwa kwa mauzo, karatasi ya TRA itaonyesha 18,000,000. Akiandika 7,000,000 kwenye viza hajadanganya, mradi aeleze tofauti na kitabu chake kiionyeshe.

Mtego mwingine ni kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Kilikuwa cha watu ambao mauzo yao hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Aliyekichukua kwa mwaka fulani, kisha akadai mbele ya ofisa wa viza kwamba mwaka huo huo aliuza 30,000,000, ameikana serikali moja mbele ya nyingine.

Kutunza kumbukumbu kuna faida hata kwa asiyesafiri. Kwa viwango vilivyopitishwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi 6,000,000 bila kumbukumbu alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili alitozwa 60,000.

Barua ya usharika

Turudi kwa yule seremala mlangoni. Usharika hauwezi kuthibitisha kipato chake cha mwaka, kwa sababu haukukiona. Barua inayotaja kiasi alichokisema yeye ni maneno yake mwenyewe yaliyopigwa muhuri wetu. Ikibainika kuwa si kweli, yeye ataumia, na barua zote za usharika baada ya hapo zitatiliwa shaka, pamoja na zile tunazowaandikia wafadhili.

Lakini kuna barua ambayo usharika unaweza kuiandika, nayo ina nguvu kuliko ile aliyoomba. Kama alitutengenezea mabenchi ya kanisa, sisi ni wateja wake. Mtunza hazina afungue vitabu, kisha katibu aandike: alitengeneza mabenchi mangapi, mwezi na mwaka gani, alilipwa shilingi ngapi, kwa fedha taslimu au benki, na nakala ya hati ya malipo iambatanishwe. Barua ya namna hiyo ndiyo ushahidi wa mtu mwingine unaotafutwa. Kisha aombe kama hiyo kwa shule, zahanati na wateja wake wengine.

Hilo litawezekana tu kama vitabu vyetu wenyewe viko sawa. Usharika uliomlipa fundi mkononi bila hati hauna cha kuambatanisha.

Kwa kamati na wafadhili

Tunazishauri kamati za sharika: kila malipo kwa fundi yawe na hati iliyosainiwa, na nakala apewe fundi, barua itaje tu yale yaliyomo katika vitabu vyetu, na vijana wanaohitimu ufundi waanze kitabu cha hesabu siku ya kwanza ya kazi, si siku ya kuomba viza.

Kwa marafiki zetu mnaosaidia mafunzo ya ufundi, tunawaomba mkumbuke somo la hesabu pamoja na randa na cherehani. Wengi wa vijana hawa watabaki hapa, na kitabu kile kile kitawasaidia kuomba mkopo wa SACCOS au zabuni ya halmashauri.

Kitabu cha Mithali kinakemea mizani ya udanganyifu. Fundi mwenye hesabu moja kwa TRA, kwa benki na kwa ubalozi hana haja ya kukumbuka alimwambia nani nini.



Mratibu wa Miradi, Dayosisi