Heshima kwa Wanaosomea Misitu

Ndugu wanachama, mwenye kijana anayesomea misitu Marekani huenda siku moja akapata barua kuwa mwanawe ametiwa katika Xi Sigma Pi. Asishituke. Hizo ni herufi tatu za Kiyunani. Si dini wala siasa.

Ni chama cha heshima, kilichoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, nchi ya misonobari mikubwa. Mwaka 1915 kikaamua kufungua matawi katika vyuo vingine. Mwanzo kilikuwa cha misitu tu. Leo huingia na wanaosomea maliasili nyinginezo.

Fedha ya baba haimwingizi mtu humo. Huangaliwa alama za masomo, na mwenendo pia. Hilo la pili limetupendeza zaidi. Ajuaye jina la mti kwa Kilatini, na haaminiki kuhesabu magogo, ni hasara tupu. Nasi tuliokwisha kupimiwa karafuu kwa pishi twalijua hilo bila ya kwenda chuoni.

Ama vijana wa namna hiyo twawahitaji. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipokuwa ikifa ghafla, waliobainisha katika miaka ya 1950 kuwa ukungu ndio uuao walikuwa wageni, Nutman na Roberts. Basi mwenye mtoto apendaye miti asimzuie kwa kudhani kuwa elimu ya misitu ni kukata kuni. Amhimize hesabu na elimu ya viumbe tangu sasa.