Flagyl si dawa ya kila kitu

Wadada (na wakaka pia, musome), tuongee bila haya. Ukeni mwa mwanamke mwenye afya kunaishi bakteria, na mara nyingi wengi wao ni laktobasili. Hao ni walinzi: wanatengeneza asidi, na vijidudu vya ugonjwa vinashindwa kuzaana. Hata kibofu kina bakteria wake.

Sasa juu ya nini dada anajiosha ndani na sabuni kila siku, na harufu inazidi tu? Juu anafukuza walinzi. Wengine wanachukua nafasi yao: majimaji ya kijivu, harufu ya samaki. Hiyo ni vajinosisi, na inaongeza hatari ya kupata virusi vya SIDA.

Mkojo ukiuma, hiyo ni shida ingine. Mara nyingi ni bakteria E. coli kutoka njia ya haja kubwa. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4 tu, wanafika haraka.

Flagyl inatibu vajinosisi. Haiui E. coli, haiui kuvu. Kwa hiyo, mbele ya kukimbilia farmasi ya mtaani, upimwe kwanza. Hapa Goma maji tunanunua kwa bidoni: yatumie kuosha nje. Ndani panajisafisha penyewe.